Maji Yanakupwa Mapema Kuliko Programu Yangu

Mwalimu Hafsa, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa na aibu, maana safu yako ya gazetini naisoma kila wiki na huwa nawacheka wanaokuletea makosa yao ya kompyuta, yule kijana aliyesahau kufunga mabano akahangaika siku tatu nilimcheka mpaka nikamsomea dada yangu, na sasa zamu yangu imefika, tena langu si la mabano. Naitwa Imakulata, nina miaka ishirini na minne, kwetu ni Pongwe, baba yangu alikuwa mkata mkonge, na mimi nafanya kazi kwenye duka la kuchapa barua na kutoa kopi hapa Tanga mjini. Kuandika programu nimejifunza mwenyewe, kwanza kwa simu, baadaye kwa kompyuta ya dukani wateja wakiwa wachache, na mwenye duka anajua na ameruhusu.

Nina rafiki yangu Asmahani, tulisoma naye sekondari, kwao ni kijiji kimoja cha pwani upande wa Mkinga ambako mama yake na shangazi zake wanalima mwani, na kazi ya mwani kama unavyojua ni ya kuvizia maji, yakipwa mnaingia na kamba zenu mnafunga mbegu na kuvuna, halafu mnatoka kabla hayajarudi, kwa hiyo asiyejua leo maji yanakupwa saa ngapi hana kazi siku hiyo. Kikundi chao kina wanawake ishirini na sita, na miaka yote aliyekuwa akiwaambia saa ni bibi yake Asmahani, Bi Semeni, ambaye huangalia mwezi ukiandama akaanza kuhesabu, siku ya kwanza wanaiita mwezi mosi, ya pili mwezi pili, mpaka mwezi uishe, na kila siku ana saa yake ya maji kichwani, mwezi mosi yanakupwa mnamo saa nne asubuhi, mwezi pili karibu na saa tano, kila siku yanachelewa kama dakika hamsini kuliko jana yake. Lakini wanawake wengi sasa wamejenga juu barabarani, na Bi Semeni mguu unamsumbua hawezi tena kuzunguka nyumba kwa nyumba, ndipo Asmahani akaniambia, "Wewe si unayajua mambo ya kompyuta? Hebu tutengenezee kitu kitutumie meseji."

Nilikwenda nikakaa na Bi Semeni siku mbili barazani kwake, yeye akisuka ukili na kunitajia saa za maji, mimi nikiandika kwenye daftari, na nikikosea kidogo ananirudisha mwanzo, yaani Mwalimu sijawahi kufundishwa na mtu mkali namna ile na nikafurahi hivyo. Nikarudi mjini nikaandika programu kwa lugha ya PHP, na makosa ya mwanzo yalikuwa yale ya kila mtu, nukta-mkato niliyoisahau, jina nililoandika kwa herufi kubwa hapa na ndogo kule, na mahali nilipotaka kujumlisha kumi na nne na moja nikaweka nukta badala ya alama ya kujumlisha, mashine ikaziunganisha kama maneno ikaniambia leo ni mwezi mia moja arobaini na moja. Yote hayo niliyamaliza. Mwezi wa kwanza tarehe ya mwezi mosi niliichukua kwenye kalenda ya ukutani, ile yenye tarehe za Kiislamu pembeni, meseji zikaenda, wanawake wakashuka pwani wakakuta maji yanaondoka kama yameitwa, na Bi Semeni akanitumia kikapu alichokisuka mwenyewe.

Mwezi wa pili Asmahani akasema kwa nini tutumie kalenda wakati Bibi yupo na macho yake hayajakosea hata siku moja, nikaona ni kweli, tukakubaliana mwezi ukiandama Bibi anipigie simu. Akawa ananipigia mara tu baada ya kuswali magharibi, "Mwanangu, mwezi umeandama, nimeuona mie na macho yangu," na mimi hapo hapo naingiza tarehe ya siku ile kuwa ndiyo mwezi mosi. Basi mwezi ule wote wanawake wakawa wanafika wamechelewa, wanakuta maji yameshaanza kurudi, wakanung'unika lakini wakavumilia. Mwezi wa tatu ikawa vile vile, na siku ya bamvua, maji yanaporudi kwa nguvu, wawili kati yao, mmoja ni shangazi yake Asmahani, walikuwa bado wanafunga kamba ya mwisho maji yakawafika kifuani, wakaachia magunia ya mwani wakarudi wameshikana mikono. Walifika salama, Mungu ni mwema, lakini yule shangazi mpaka leo hajarudi shambani.

Mwalimu, sasa nafika mahali penyewe. Kikundi kiliitisha kikao, nikaitwa nijieleze, na wote wananitazama, na Bi Semeni yupo amekaa mkekani karibu na mlango, na mimi nikaogopa, nikasimama nikasema, "Programu haina kosa, mashine haichoki wala haisahau, labda hesabu za Bibi ndizo zimechoka." Bi Semeni akavuta kanga yake akasema taratibu, "Haya, mjukuu wangu. Mie sina shule. Kama mashine imesema, basi." Akaondoka kabla chai haijaja.

Tangu siku ile hapigi simu. Mimi nikarudi kwenye kalenda, na kwa siri nikachomeka mstari mmoja kwenye programu unaopunguza dakika hamsini kwenye kila saa, kwa sababu niliona tunachelewa kwa dakika hizo hizo, nikasema hapa nimemaliza ugomvi. Mwezi huu wa nne sasa wanafika mapema, wanakaa juani kama saa nzima wanayatazama maji bado yamejaa. Nikatoa programu kwenye PHP nikaiandika yote upya kwa Python, ambayo nayo ilinigomea kwanza kwa sababu ya nafasi mwanzoni mwa mistari, kisha nikaiandika tena kwa JavaScript, lugha tatu, na zote tatu zinanipa jibu lile lile, hazilalamiki, hazioneshi ujumbe wowote wa kosa. Nimeangalia saa ya kompyuta, iko sawa na ya hapa kwetu.

Kinachoniumiza ni kwamba mwezi huu Bibi hakuwemo kabisa na bado imekosea, kwa hiyo sasa najua si yeye, na sijui ni nini. Juzi mama mmoja alimuuliza Bibi leo mwezi ngapi, akamjibu, "Kamuulizeni Imakulata." Asmahani anasema jioni hatoki tena uani kuangalia mwezi. Jumamosi ijayo kikundi kinakutana kuamua kama meseji ziendelee, na Asmahani ananishauri ninyamaze tu watasahau, lakini mimi nikifumba macho namwona Bibi akivuta ile kanga. Naomba unioneshe kosa liko wapi, na kama lipo kwangu, niambie naanzia wapi kurudi kwenye baraza ile.

Ni mimi Imakulata, Pongwe.

*

Imakulata, marahaba.

Kabla hujaendelea kusoma, inuka uende kwenye kompyuta ya huyo mwajiri wako mwema uzime meseji. Sasa hivi, mimi nakungoja. Programu inayopeleka watu baharini ikishaonekana ina kosa haiachwi iendelee kutuma huku wewe unalitafuta, na wale wanawake wawili walirudi kwa kushikana mikono, si kwa msaada wako. Hilo nimelisema kwa ukali kwa sababu linahitaji ukali, na sitalirudia.

Haya. Umezima? Tuendelee.

Nianze na hizo lugha tatu. Binti, mchele una mawe, nawe unabadilisha sufuria. Python haijui mwezi, JavaScript haijui mwezi, na PHP ya watu uliyoitukana moyoni haikuwa na hatia yoyote. Programu ikigoma na kukuonesha ujumbe wa kosa, shukuru, usome ujumbe ule mpaka mwisho, nenda kwenye mstari inaokutajia na ule wa juu yake, na mara nyingi utakuta nukta-mkato, au mabano, au jina lenye herufi kubwa hapa na ndogo kule. Hayo uliyamaliza mwenyewe na nakupongeza. Lakini programu ikienda mpaka mwisho bila kulalamika na jibu likawa si lenyewe, kosa haliko kwenye lugha. Liko kwenye kile ulichoiambia, na hapo hata ukiandika kwa lugha kumi zote zitakutii na zote zitakosea pamoja.

Sasa swali ambalo ungejiuliza mwezi wa pili tungekuwa tumemaliza siku ile ile. Mwezi wa kwanza ilikuwa sawa, wa pili ikaharibika. Katikati hapo kilibadilika nini? Si programu, maana hukuigusa. Si hesabu za Bi Semeni za saa za maji, maana ni zile zile za daftarini. Kilichobadilika ni kimoja tu, namna ya kuupata mwezi mosi, na umekiandika mwenyewe katikati ya barua yako kwa mkono wako: Bibi anapiga simu baada ya magharibi, nawe unaingiza tarehe ya siku ile. Nilipofika hapo nikaweka barua chini nikacheka, halafu nikamkumbuka yule bibi mkekani nikaacha kucheka.

Chukua karatasi. Tuseme mwezi umeonekana Jumatatu jioni. Kwako wewe na kwa kompyuta yako, Jumatatu inaendelea mpaka saa sita za usiku, kwa hiyo umeandika Jumatatu ni mwezi mosi na Jumanne ni mwezi pili. Kwa Bi Semeni, jua likishazama Jumatatu imekwisha. Usiku ule tayari ni wa Jumanne, ndio mwanzo wa mwezi mosi, na mchana wa mwezi mosi ni Jumanne yenyewe. Kwa hiyo Jumanne asubuhi Bibi anasema mosi, programu inasema pili, na wewe umeniambia maji ya mwezi pili yanachelewa kwa dakika hamsini kuliko ya mosi. Hizo ndizo dakika zako hamsini. Miezi miwili mizima umetangulia siku moja mbele, na wanawake wamefika nyuma ya maji.

Mwezi wa kwanza kalenda ya ukutani ilikuokoa, kwa sababu aliyeichapa anajua hayo na ameiweka mosi pale inapostahili, kwenye Jumanne. Na mwezi huu wa nne kalenda ilikuwa inakupa jibu sahihi tena, ila safari hii ukalipunguzia dakika hamsini kwa ule mstari wako wa siri. Uliona joto, ukameza dawa ya joto, hukutafuta homa imetoka wapi.

Umekulia Pongwe, Imakulata. Majirani zako nusu wanafunga. Naamini umekula tambi na maharage ya nazi kwenye sinia za watu kila Ramadhani tangu una miaka mitano. Huoni kwamba mwezi ukionekana leo jioni, tarawehe inaswaliwa usiku huu huu, lakini kufunga ni kesho, na kesho ndiyo inaitwa mwezi mosi? Umeliona kila mwaka na hukuuliza. Sikulaumu sana, maana kwenu siku inaanzia kwingine, na Bi Semeni naye hakuwa na njia ya kujua kwamba kuna mashine huko mjini inayoanza siku watu wamelala. Kila mmoja alisema ukweli wake, na programu haikuuliza. Hiyo ndiyo sehemu yako ya kosa na ni ndogo, inarekebishika kwa mstari mmoja.

Ile sehemu kubwa ni ya kikaoni, nayo nitakuambia jambo ambalo sijawahi kuliandika hapa. Mwaka wangu wa pili wa kufundisha Raskazone nilitengeneza programu ya kupanga ratiba ya mitihani. Ilipotoka, darasa la kwanza kwenye orodha halikuwemo. Nikasema mpiga chapa wetu, Praxeda, amepoteza karatasi, na nikalisema mbele ya mkuu wa shule. Baada ya wiki mbili nikagundua kwamba lugha ile inaanza kuhesabu orodha kwa sifuri, mimi nilianzia moja, kwa hiyo darasa lile liliachwa nje na mimi mwenyewe. Nikajiambia nitamweleza Praxeda nikipata nafasi nzuri. Alihamishwa kabla sijaipata hiyo nafasi nzuri. Nimeulizia Lushoto, nimeulizia Korogwe, sijampata, na mpaka leo nikikumbuka naona aibu. Kwa hiyo ushauri wa Asmahani wa kunyamaza mimi nimeshaujaribu kwa niaba yako. Hawasahau, na wewe hutasahau.

Sasa kazi. Futa kwanza ule mstari wa dakika hamsini, usiuache hata kidogo ukidhani utakusaidia baadaye. Halafu badilisha swali ambalo programu inakuuliza. Isikuulize mwezi mosi ni lini, ikuulize mwezi umeonekana jioni ya siku gani, na yenyewe iongeze siku moja, ili hata siku ukiwa na haraka dukani usiweze kukosea. Ukimaliza, usitume chochote. Ingiza zile tarehe mbili alizokupigia Bibi mwezi wa pili na wa tatu, uone kama saa zinazotoka ndizo ambazo maji yalikupwa kweli, kisha fanya mwezi wa kwanza na huu wa nne. Ukitumia kalenda kumbuka mwezi ulionekana jioni ya kabla ya mosi yake. Una miezi minne ya ushahidi na wanawake ishirini na sita wanaokumbuka kila siku walivyoyakuta maji, waandikaji wengi wa programu hawana bahati hiyo. Na kwenye meseji ongeza saa ya kutoka. Ile ya kuingia pekee haitoshi, kwa ajili ya siku za bamvua na siku ambazo upepo unayasukuma maji mapema.

Hayo yote ukiyakuta sawa, uchape karatasi moja ya saa za mwezi mzima kwa herufi kubwa, na usiingoje Jumamosi. Nenda Alhamisi au Ijumaa, wewe mwenyewe, usimtume Asmahani wala usipige simu. Ukifika mpe shikamoo yake, akikukaribisha kaa chini, asipokukaribisha subiri pale pale. Usimweleze kompyuta kwanza. Mwambie, "Bibi, nilikosea mimi, nikakusingizia wewe mbele za watu." Mwache aseme anachotaka kusema, na kwa jinsi ulivyonieleza ukali wake wa darasani, atakuwa nacho cha kusema. Akishamaliza ndipo umtolee karatasi na umsomee, siku kwa siku, akurekebishe. Toka sasa hakuna meseji itakayotumwa kabla Bi Semeni hajaisikia. Wenye kampuni kubwa wanawatafuta watu wa kuwakagulia programu hivyo hawawapati, wewe unaye barazani.

Jumamosi simama pale pale uliposimama ile siku, na maneno ya kweli uliyomwambia Bibi barazani yaseme tena, kwa sauti ile ile, na yule shangazi wa Asmahani awepo asikie. Kama watachagua kuacha meseji, ziachwe, utakuwa umepoteza programu, na programu nyingine utaandika. Lakini sidhani kama wataziacha. Wanawake waliovumilia miezi miwili ya kuchelewa bila kukufukuza wanakupenda kuliko unavyodhani, na kikapu hakisukiwi mgeni.

Kisha hesabu siku, mwezi huu unakaribia kuisha. Jioni ya kuandama mwezi uwe kule. Bi Semeni anaweza kusema mguu unamuuma, mpe bega lako atoke nalo hadi uani. Simu iache ndani. Akikuonesha mwezi uangalie vizuri mpaka na wewe uuone, halafu muulize, "Bibi, kesho ni mwezi ngapi?" Atakalojibu ndilo utakaloandika.

Mwalimu Hafsa, Raskazone.